Mwombaji Ana Umri wa Miaka Minne

Kati ya barua zote alizofungua Theresia Kornelio katika miaka kumi na mitatu ya ukarani wake, hakuna iliyomchoma kama ile ya Novemba 1975. Ilikuwa fupi, imepigwa chapa na mashine kule Dar es Salaam, herufi zote kubwa kana kwamba aliyeiandika alikuwa akimkaripia mtu. Ilisema: Jina, Kazija Bakary. Kijiji, Likawage. Mwombaji ana umri wa miaka minne. Maombi yamekataliwa.

Aliisoma mara ya kwanza akadhani macho yanamcheza shere. Akaisoma tena akaona ni kweli, na damu ikamchemka. Kazija Bakary alimjua. Ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Watu wa Likawage walikaa mkutanoni wakamchagua aende Lindi akasomee uhudumu wa afya. Hawakumchagua kwa uso wake mzuri. Walimchagua kwa sababu tangu wakusanywe kijijini, mgonjwa akizidiwa hubebwa kwenye machela kutwa nzima ndipo aonane na mtu mwenye sindano, na wengine hawafiki.

Na chuo hicho kilikuwa na sharti moja gumu: mwanafunzi awe hajatimiza miaka ishirini na mitano siku ya kuanza. Kazija alikuwa na ishirini na minne. Masomo huanza Januari, mara moja kwa mwaka, na Januari ya mbele yake angekuwa ameshauvuka mpaka. Kwa hiyo ni safari hii au ndiyo basi.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini Theresia alikaa na barua ile mapajani akiisoma tena na tena, lazima kwanza aijue kazi yake, maana watu wengi waliidharau.

Alizaliwa milimani, Kilwa ya ndani, binti wa Kornelio aliyekuwa akifundisha dini kigangoni. Baba yake hakuwahi kusema tarehe kama watu wa ofisini wanavyosema. Kwake yeye ng'ombe alizaa mkesha wa Mtakatifu Yosefu, na nyumba iliungua Jumapili ya Matawi. Theresia alikua akijua kwamba siku ina majina mengi, na kila jina lina wenyewe. Mwaka 1962, nchi ikiwa bado inanukia uhuru, aliajiriwa katika ofisi ya kuandikisha watu pale Kilwa Masoko, akapewa meza, kalamu na fomu. Mzee wa kwanza aliyeketi mbele yake aliulizwa amezaliwa lini, naye akajibu, "Mwaka wa nzige, mwezi mosi mfungo pili."

Karani mwingine angeandika "hajui" akaendelea na wa pili. Theresia aliona aibu. Mzee anajua vizuri sana. Asiyejua ni fomu. Basi akanunua daftari la kurasa mia, akaanza kujifunza. Alikwenda kwa Mwalimu Abdurahmani, aliyekuwa na chuo cha Kurani nyuma ya soko, mtu mkali lakini mwenye kalenda za miaka hamsini zilizopangwa vizuri sandukuni. Mkristo wa watu akafundishwa kwamba Ramadhani ikiisha, watu wa pwani huanza kuhesabu upya: mfungo mosi, mfungo pili, mfungo tatu, mpaka mfungo tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Mfungo nne ndio Muharamu wa Waarabu, na hauna udugu wowote na Aprili. Unatembea ndani ya mwaka wa Kizungu: mwaka 1975 uliangukia Januari, miaka ishirini na kitu nyuma ulikuwa Oktoba. Akafundishwa pia kwamba siku huanza jua linapotua. Mtu akikuambia alizaliwa usiku wa Jumapili, usikimbilie Jumapili. Ni ile jioni ya Jumamosi baada ya magharibi.

Yote aliyaandika katika daftari kwa mpangilio. Ukisikia "mfungo", fanya hivi. Mwaka ukianza na elfu moja mia tatu, si wa Kizungu, nenda kwenye kalenda ya Mwalimu. Ukisikia jina la mtakatifu, fungua kitabu cha misa. Na juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kanuni iliyozizaa nyingine zote: tarakimu haina kabila, huchukua kabila la neno lililoketi jirani yake. Nne baada ya "mwezi wa" ni Aprili. Nne baada ya "mfungo" ni jambo lingine kabisa. Mtu asiyeitazama jirani ya tarakimu, Theresia alimhesabu kuwa hajui kusoma, hata awe na vyeti vya kujaza begi.

Na vyeti ndivyo alivyokuja navyo Bwana Nikodemo.

Alitumwa kutoka makao makuu mwanzoni mwa 1975, kijana wa miaka ishirini na minane, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuja na fomu mpya zenye vyumba sita vidogo: viwili vya siku, viwili vya mwezi, viwili vya mwaka. Fomu hizo zingepelekwa Dar es Salaam, zitobolewe matundu kwenye kadi, na kadi zilishwe mashine ya kuhesabu. Mashine hiyo, alisema, ingewajua Watanzania wote kwa jina na umri, na mipango ya ujamaa isingekwenda tena kwa kubahatisha. Theresia alipenda sana wazo hilo. Hakuna aliyelipenda kuliko yeye. Alijaza vyumba vyake sita kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele, na siku nyingine kwa ukaidi wa kalenda alimaliza fomu kumi tu.

"Mama, unatuchelewesha," Nikodemo alimwambia. "Wilaya nyingine wamepeleka maelfu."

"Wamepeleka maelfu ya nini?"

Siku chache baadaye alipewa likizo ambayo hakuiomba, wiki tatu. Aliporudi alikuta rundo lake limekwisha. Bwana Nikodemo amelijaza lote peke yake, na akalipeleka. Theresia aliuliza amewezaje. Akaambiwa ni rahisi, mambo mengine tunayafanya magumu bure: tarakimu inaandikwa kama ilivyo. Mfungo nne, mwezi wa nne. Mwaka, chukua tarakimu mbili za mwisho.

Theresia hakusema kitu siku ile. Alidhani, kwa uungwana wake, kwamba huko Dar es Salaam yupo mtu mzima atakayeona na kucheka na kuzirudisha. Hilo ndilo kosa alilojilaumu nalo baadaye. Kule hapakuwa na mtu mzima. Palikuwa na mashine.

Basi siku ile ya Novemba alichukua nakala ya fomu ya Kazija kutoka kabatini. Marehemu baba yake, Mzee Bakary, alikuwa ameandika kwenye jalada la msahafu siku binti yake alipozaliwa, na Kazija aliileta habari hiyo imenakiliwa vizuri: usiku wa Jumapili, kumi na mbili mfungo nne, mwaka 1371. Theresia mwenyewe alikuwa ameigeuza kwa penseli pembeni: jioni ya tarehe 13 Oktoba 1951. Juu ya penseli yake, kwa wino mwekundu, vilikuwapo vyumba sita vya Bwana Nikodemo: 12, 04, 71. Mwanamke mzima alikuwa amezaliwa upya Aprili 1971.

Akazitoa nakala nyingine. Mtoto mchanga wa Kitongoji cha Bandarini, wa mwaka 1394 wa Kiislamu, alikuwa amepewa 94. Mashine, kwa kuwa mwaka huo ulikuwa haujafika, ilimrudisha nyuma ikamwandika kikongwe wa miaka themanini na mmoja anayestahili kusamehewa kazi za kijiji. Babu yake, wa mwaka 1332, alipewa 32, akawa kijana wa jembe wa miaka arobaini na tatu. Ungeweza kucheka. Theresia hakucheka. Kila fomu ilikuwa mtu aliyekuja kwa miguu akaketi mbele yake akasema ukweli, na ukweli wake umefanywa upuuzi na mtu aliyeona shida kuuliza.

Aliingia ofisini kwa Nikodemo bila kubisha hodi.

"Kazija Bakary ana miaka minne?"

"Mashine haikosei, Mama."

"Mashine imekula ulichoilisha. Nataka fomu ya kusahihisha, na sahihi yako."

Nikodemo aliweka kalamu chini polepole. Akaeleza kwamba akisahihisha moja, wakubwa watauliza za wengine, na za wengine zilikuwa mia tatu na arobaini. Akaeleza kwamba taratibu ni taratibu. Akaeleza kwamba huyo mwanamke aombe tena mwakani. Alivyolisema hilo la mwakani, kwa sauti laini ya mtu anayemliwaza mwenzake aliyepoteza mwavuli, ndivyo vilivyomtia Theresia hasira ya kweli. Maana alijua, na Nikodemo alijua, kwamba mwakani Kazija atakuwa mzee kwa chuo kile.

"Basi nitakuletea mwenyewe," alisema. "Umkatalie usoni."

Alituma neno Likawage kwa lori la korosho. Siku ya nne Kazija alifika Masoko, mtoto wake mdogo mgongoni kwa mbeleko, na yule mkubwa akimfuata nyuma ameshika upindo wa khanga. Theresia aliwaingiza wote.

"Shikamoo, Bwana," Kazija alisema kwa heshima ya ofisi, ingawa walikuwa karibu rika moja.

Nikodemo alijikuta ameitikia marahaba kabla hajafikiri. Theresia akasogeza kiti.

"Bwana Nikodemo, huyu ndiye mtoto wako wa miaka minne. Nakuomba uandike umemwona."

Kazija alikuwa ameshaelezwa njiani. Alimtazama bwana yule bila chuki, akamvuta mtoto wake mkubwa mbele.

"Huyu ana miaka sita, Bwana. Kwa barua yako amenizidi miwili. Sasa mimi nimwamkie yeye, au yeye aniamkie mimi?"

Mhudumu wa ofisi, aliyekuwa akifagia kibarazani, aliangua kicheko mpaka ufagio ukamponyoka. Watu wa foleni dirishani wakaulizana kuna nini, wakaambiwa, nao wakacheka. Kicheko cha Masoko hakina adabu kikishaanza. Nikodemo alisahihisha fomu ile moja na kutia sahihi. Zile mia tatu na arobaini za wengine aliziacha kabatini. Theresia alianza kuziandika upya mwenyewe siku iliyofuata, moja baada ya nyingine, bila kumwomba mtu ruhusa.

Jibu lilikuja wiki moja kabla ya Krismasi, herufi kubwa vilevile, lakini safari hii Kiswahili chake kilikuwa kitamu. Kazija Bakary amekubaliwa. Afike chuoni Lindi tarehe 05 01 76 saa 0800. Atakayechelewa nafasi yake itapewa mwingine.

Theresia alimsomea Kazija barua hiyo mara mbili, kidole kikifuata neno kwa neno. Tarehe tano Januari. Saa nane.

Walisafiri pamoja, kwa sababu Theresia alisema hawaamini tena watu hawa mpaka amwone binti ameingia getini kwa macho yake. Walikutana Nangurukuru, wakapata basi la kwenda Lindi, matope ya mvua yakawachelewesha kutwa, lakini walikuwa wameacha siku mbili za akiba. Jumapili walilala kwa Cecilia, dada yake Theresia. Jumatatu asubuhi Kazija alioga, akapiga pasi gauni lake la bluu, akala muhogo na chai, akasuka nywele upya. Cecilia alisisitiza wale na wali wa mchana kabla hawajaondoka, lakini Theresia alikataa. Alitaka wawahi. Walifika kwenye geti la chuo saa saba na nusu, nusu saa kabla ya wakati, na Theresia alijisikia vizuri kama mtu aliyemaliza kupalilia shamba zima.

Mlinzi alitazama barua, akawatazama wao.

"Mmechelewa. Orodha ilifungwa tangu asubuhi."

"Barua inasema saa nane. Saa nane bado."

"Saa nane za barua ni saa mbili zenu. Za Kizungu hizo, Mama. Sifuri nane mia."

Theresia hakumwelewa kwa kitambo kidogo, kisha akamwelewa. Alikuwa amesoma shule ya misheni. Saa za Kizungu alizijua. Lakini barua ile ilikuwa ya Kiswahili tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na neno lililoketi jirani ya tarakimu zile lilikuwa "saa". Alikuwa ameifuata kanuni yake mwenyewe kwa uaminifu, na kanuni hiyo ndiyo iliyomkalisha Kazija kwa Cecilia akinywa chai huku nafasi yake ikiondoka. Alitaka kumwangalia binti yule akashindwa.

"Si kosa lako, Mama," Kazija alisema. Sauti ile nzito ilikuwa imepungua.

Hapo ndipo Theresia alipowaona wengine. Kando ya ukuta, kwenye kivuli chembamba kilichobaki, walikuwa wameketi wanawake wanane, kila mmoja na sanduku au furushi lake. Mmoja alikuwa analia kimyakimya. Theresia aliwaendea, akawauliza mmoja mmoja anatoka wapi. Kitomanga. Nyuma ya Kitomanga. Bara huko, siku mbili kwa miguu. Hapakuwa na hata mmoja wa mjini. Akawauliza wamefika saa ngapi. Saa saba, wengine saa saba unusu. Wote walikuwa wamewahi.

Aibu iliyokuwa imemkaba iligeuka ikawa kitu kingine, na hicho kilikuwa na miguu. Alimwambia mlinzi amwite mkuu wa chuo. Mlinzi alisema mkuu ana kazi. Theresia alisema atamsubiri, na atamsubiri akiongea, na sauti yake ni kubwa. Akaanza kuongea. Mkuu wa chuo, Mama Romana, alitoka mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye saa kubwa kifuani iliyobanwa kwa pini.

"Ninyi watu wa vijijini," alisema kwa uchovu, "kila mwaka hivihivi. Nina vitanda thelathini, wamekuja ishirini na mmoja. Tisa hawakujali muda. Saa tisa nawaita wa akiba, wa hapahapa mjini. Wao wanajua kuwahi."

"Kila mwaka?" Theresia aliuliza.

"Tangu barua zianze kuja kutoka Dar es Salaam."

Theresia alimnyooshea barua ya Kazija. "Naomba unisomee, Mama. Kwa sauti, mbele ya hawa."

Mama Romana aliipokea kwa kutovumilia. "Afike chuoni Lindi tarehe tano Januari, saa..."

"Endelea, Mama. Saa ngapi?"

Mama Romana aliitazama tarakimu kwa muda mrefu.

"Wewe ni Mswahili," Theresia alisema, na sasa sauti yake haikuwa kubwa tena. "Mama yako akikuambia njoo saa nane, unamfikia asubuhi? Hawa wanane na huyu wangu hawajuani. Wametoka pande tisa. Wote tisa wamesoma barua ya Kiswahili kwa Kiswahili, wakafika kabla ya wakati, wakafukuzwa. Walioingia asubuhi ni wale waliojua kwamba serikali yao ikiandika saa inamaanisha ya Mwingereza. Tulimrudisha kwao mwaka sitini na moja, Mama. Saa yake aliiacha kwako?"

Kutoka ndani ilisikika kengele ndogo ya chakula. Mama Romana alishika saa iliyoning'inia kifuani, akaigeuza na kuitazama: mkono mfupi ulikuwa kwenye mbili, kama saa zote za nchi hii zinavyokuwa saa nane mchana, na kila mtu akitazama mbili husema nane bila hata kufikiri.

"Lete kitabu," alimwambia mlinzi. "Na meza. Hapa hapa getini."

Wanawake walisimama, wakajipanga, wakifuta vumbi. Mama Romana aliketi juani na kuwauliza mmoja mmoja jina, kijiji, na saa aliyoandikiwa afike, maana safu ya tatu ya kitabu ilikuwa ya saa. Wa kwanza alijibu saa nane. Wa pili saa nane. Kazija alikuwa wa mwisho, akasema saa nane. Mama Romana aliliandika jibu hilo mara tisa, kwa maneno, na hakuna mahali alipotia sifuri.